Kilichotoka Kichwani Pia ni Mali



Mtu akiiba mbuzi wa kikundi, kila mmoja wetu anajua la kufanya. Tunapiga kelele, tunafuata nyayo, tunaenda kwa chifu, na mbuzi akipatikana alama ya sikioni inamwonyesha mwenyewe ni nani. Lakini je, mtu akichukua wazo la kikundi tutafanya nini? Wazo halina sikio la kutiwa alama. Tena anayelichukua hakuachi mikono mitupu. Wewe unabaki nalo na yeye analo, mpaka siku utakapomkuta sokoni akiuza kile ulichodhani ni chako peke yako.

Jambo hili lilitufikia kupitia kikundi kimoja cha wafugaji. Mwanachama mmoja, ambaye ni fundi wa jua kali, alitengeneza mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Inaendeshwa kwa pedali na cheni ya baiskeli, na kisu chake amekifunga kwa namna ambayo nepia mbichi haikwami. Kikundi kilimnunulia vyuma. Siku ya maonyesho ya wakulima waliipeleka, watu wakajaa kuitazama. Mgeni mmoja aliyevaa vizuri aliuliza maswali mengi, akapiga picha kwa simu, hata akaomba kisu kifunguliwe aone ndani. Wenyewe walifurahi, wakafungua. Baada ya miezi michache mashine kama ile ile ilikuwa ikiuzwa mjini, imepakwa rangi nzuri.

Wanakikundi walipotujia, miezi 15 ilikuwa imepita tangu maonyesho. Waliuliza maswali mawili. La kwanza: tunaweza kumshtaki? La pili lilikuwa gumu zaidi, kwa maana walikuwa wameanza kugombana wenyewe: hii mashine ni ya fundi au ni ya kikundi?

Tulienda kuuliza na kusoma, na tuliyoyapata tunayaleta hapa. Tutaanza na sheria, kisha turudi kwa wale wafugaji.

SHERIA INALINDA NINI?

Neno la kwanza la kukumbuka ni hili: sheria hailindi wazo lililo kichwani tu. Ukisema, "Mimi ndiye niliyefikiria kwanza kukata majani kwa pedali," hujapata chochote. Sheria inalinda wazo lililofanywa kitu: mashine inayoweza kutengenezwa, wimbo uliorekodiwa, kitabu kilichoandikwa, alama iliyochorwa. Tena kila kitu kina mlango wake. Ukibisha mlango usio wako utarudishwa nyumbani na nauli imekwisha. Hebu tuitazame milango yenyewe.

1. Hataza. Hii ndiyo watu wengi huita patenti. Ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Hapa Kenya inatolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, inayojulikana kwa kifupi kama KIPI, iliyo Nairobi, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Inadumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi, mradi ada ya kila mwaka ilipwe. Uvumbuzi lazima utimize mambo matatu: uwe mpya duniani kote, si mpya kijijini tu, uwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeiona mara moja, na uweze kutengenezwa au kutumika katika kazi, ukulima ukiwa mmojawapo.

2. Hati ya uvumbuzi mdogo. Ofisini huitwa yutiliti modeli, na tunaona ndio mlango unaowafaa mafundi wetu wengi. Hapa unatakiwa uwe na kitu kipya kinachofaa kazini, lakini hawakudai ile hatua kubwa ya ubunifu. Mtu aliyeboresha jembe, mzinga wa nyuki au kinu cha kukoboa anaweza kujaribu hapa. Inadumu miaka 10, na ikiisha haiongezwi.

3. Sura ya bidhaa. Hii ni dizaini, yaani umbo, mistari na mapambo ambayo macho yanaona. Haihusu namna kitu kinavyofanya kazi. Kiti cha kuchongwa chenye umbo lisilo la kawaida, au chupa mpya ya asali, vinaweza kuandikishwa KIPI. Ulinzi ni wa miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15.

4. Alama ya biashara. Ni jina, picha au mchoro unaomwambia mnunuzi bidhaa hii imetoka kwa nani. Nayo huandikishwa KIPI. Inadumu miaka 10, na kila ikiisha unaweza kuiongeza miaka 10 mingine, hata kwa wajukuu. Lakini jihadharini: jina linaloeleza bidhaa tu halikubaliwi. Kikundi hakiwezi kujichukulia maneno "Asali Safi", kwa sababu kila mwenye asali safi ana haki ya kuyasema. Tafuteni jina lenu wenyewe.

5. Hakimiliki. Hii inalinda nyimbo, vitabu, picha, michoro, filamu, tamthilia na programu za kompyuta. Uzuri wake ni kwamba inakuja yenyewe. Mara tu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, haki ipo, hata kama hukuenda ofisi yoyote. Kwa kitabu au wimbo, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hivyo watoto hurithi kama wanavyorithi shamba. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, huandikisha kazi hizi kwa hiari ya mtunzi. Cheti chake husaidia sana siku ya ubishi.

6. Siri ya kazi. Kuna vitu ambavyo mlango wake bora ni kufunga mdomo. Kikundi chenye namna yake ya kuchanganya sabuni au viungo vya achari kinaweza kukaa na siri hiyo miaka na miaka. Ukiomba hataza ni lazima ueleze kila kitu, na ofisi itachapisha maelezo yako watu wasome. Siri haina ada wala mwisho. Ubaya wake ni mmoja: ikishatoka, imetoka.

Tumeulizwa juu ya mbegu pia. Aina mpya ya mmea haiendi KIPI. Ina sheria yake ya mbegu na aina za mimea, na ofisi inayoshughulika ni KEPHIS.

MNYAMAZE MPAKA LINI?

Hapa ndipo wale wafugaji walipojikwaa. Tumesema uvumbuzi lazima uwe mpya. Ukishaonyeshwa mbele ya watu, ukaelezwa gazetini, redioni au kwenye simu za watu, si mpya tena. Anayeuharibu upya wake mara nyingi ni mwenyewe, kwa furaha yake.

Sheria yetu ya Kenya ina huruma kidogo. Ikiwa mwenyewe ndiye aliyeuonyesha, au mtu aliutoa nje kwa hila, anapewa miezi 12 ya kupeleka ombi tangu siku ile. Wale wafugaji walikuja mwezi wa 15. Wangekuja wakati nepia ya msimu ule ingali shambani, tungekuwa na la kuwaambia. Hata hivyo msiitegemee sana miezi hiyo. Nchi nyingi hazina huruma hiyo, na ukitaka ulinzi huko utakuta umechelewa. Utaratibu mzuri ni kupeleka ombi kwanza, maonyesho baadaye.

Wengine wametuambia kwamba wao wameshajilinda: walichora mashine, wakaitia katika bahasha, wakajitumia kwa posta ili muhuri uonyeshe tarehe. Ndugu zetu, bahasha hiyo si hataza. Inaweza kusaidia kidogo kuonyesha kwamba siku fulani mlikuwa na mchoro ule, basi. Haimzuii mtu yeyote kutengeneza.

Na hataza ya Kenya inalinda Kenya tu. Mtu wa Kampala au Arusha akitengeneza na kuuza huko kwao, hati yenu haimfikii. Kwa anayetaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna shirika la ARIPO, lililoanzishwa mwaka 1976 na lenye ofisi kuu Harare, Zimbabwe. Ombi la ARIPO linaweza kupitia KIPI.

Hili lina upande wake mzuri kwetu. Maelezo ya hataza za dunia nzima yako wazi kusomwa. Uvumbuzi ambao muda wake umekwisha, au ambao mwenyewe hakuulinda Kenya wala kupitia ARIPO, fundi wetu anaweza kuutengeneza na kuuza hapa bila kumwibia mtu. Kabla hamjatumia miaka miwili kuvumbua, waulizeni KIPI wawasaidie kutafuta. Pengine mtu alishavumbua, na mtaanzia pale alipoishia.

NI YA FUNDI AU NI YA KIKUNDI?

Swali hili limevunja vikundi vingi kuliko wezi wa nje.

Sheria inaanza na mvumbuzi. Haki ni ya yule ambaye akili yake ndiyo iliyofanya kazi. Wakiwa wawili waliofikiri pamoja, haki ni yao wote wawili. Lakini mtu aliyeshika tu tochi, aliyechomelea alivyoambiwa, au aliyeleta chai hahesabiwi kuwa mvumbuzi kwa sababu ya kazi hiyo. Hata kununua vyuma hakumfanyi mtu mvumbuzi.

Ikiwa mtu ameajiriwa, au amepewa kandarasi ya kuvumbua kitu, hapo haki huwa ya mwajiri au aliyeagiza kazi, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini mwanachama wa kikundi si mfanyakazi aliyeajiriwa. Kwa hivyo kikundi kinachotoa pesa bila maandishi kinaweza kujikuta hakina kitu mkononi, na fundi naye anaweza kujikuta anasemwa ni mwizi wa mali yake mwenyewe. Pande zote mbili zinaumia.

Dawa ni kuandika mapema, kabla pesa hazijaonekana, wakati bado mnapendana. Mnaweza kutumia maneno kama haya katika kitabu cha mikutano:

"Kikao cha tarehe ........ kimekubaliana hivi. Mvumbuzi wa kifaa hiki ni ........ Kikundi kimetoa vyuma, pesa na mahali pa kazi vya thamani ya shilingi ........ Haki ya kuomba ulinzi wa sheria itakuwa ya ........ Faida ikipatikana, mvumbuzi atapata fungu la ........ na kikundi fungu la ........ Hakuna mwanachama atakayemwonyesha mtu wa nje kifaa wala michoro mpaka kikao kiruhusu."

Chini yake watie sahihi mvumbuzi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha aweke kidole. Kama mvumbuzi anakipa kikundi haki yake yote, hilo nalo liandikwe wazi na kutiwa sahihi. Neno la mdomo halitoshi. Na kikundi chenyewe kiwe na cheti. Siku hizi vikundi vinaandikishwa chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi.

KWAYA ZETU NA WATUNZI

Kwaya nyingi hurekodi nyimbo, na hapa ugomvi ni ule ule. Mtunzi ni mmoja, waimbaji ni 30, mwenye studio yuko mjini, na aliyelipa ni kanisa. Kila mmoja ana haki yake. Mtunzi ana haki juu ya maneno na sauti za wimbo. Waimbaji wana haki juu ya uimbaji wao. Aliyegharimia na kusimamia kurekodi ana haki juu ya rekodi. Msipoandika makubaliano, mwenye studio anaweza kuwauzia watu nyimbo au kuziweka kwenye simu za dunia nzima, nanyi mkabaki kusikia sauti zenu zikipita ndani ya matatu.

Mfano tunaoujua sote ni wimbo wa Malaika. Fadhili William ndiye anayetajwa kuwa aliurekodi kwanza, karibu mwaka wa 1960. Baadaye umeimbwa na watu wakubwa kama Miriam Makeba na kikundi cha Boney M. Lakini ubishi wa nani hasa aliutunga umedumu miaka mingi, na Fadhili mwenyewe alifariki mwaka 2001 ubishi huo ukiwapo. Karatasi moja yenye tarehe na sahihi ingekuwa na thamani kubwa sana.

Basi mtunzi aandike wimbo wake, aweke tarehe, autie sahihi, na aende KECOBO auandikishe. Akiambiwa ajiunge na chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zinazopigwa redioni, hotelini na kwenye magari, aulize KECOBO kwanza kama chama hicho kina leseni kwa sasa. Na sisi wenyewe tusisahau: kutoa nakala za kitabu kizima cha mtu mwingine na kukiuza ili tupate pesa za mradi ni wizi, hata kama mradi ni wa kanisa.

VITU TULIVYORITHI

Kuna kina mama waliotuuliza: "Sisi hatukuvumbua kiondo. Bibi zetu walikisuka. Je, sheria inatujua?"

Inawajua. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii, na mwaka 2016 ilitungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa sheria hiyo, wenyewe ni jamii kwa pamoja. Mtu wa nje anayetaka kuyatumia kwa biashara anapaswa kuomba ruhusa ya jamii kabla ya kuanza na kukubaliana nao juu ya kugawana faida. Serikali za kaunti zinatakiwa kuweka daftari la maarifa hayo.

Hatari yenyewe si hadithi. Mwaka 2007 Wakenya walishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba huko kwao jina la kikoi, kwa maandishi ya "Kikoy", liwe alama yake ya biashara. Lingekubaliwa, mwenzetu wa pwani anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kutumia jina la nguo yake mwenyewe. Watu walipinga kwa njia ya sheria, wakisaidiwa na watu wa biashara ya haki walioko huko, na ombi lile halikufaulu. Lakini tazameni: lilishindwa kwa sababu kulikuwa na watu walioangalia na kupinga kwa wakati. Hapa Kenya pia, ombi la alama likichapishwa katika jarida la KIPI, wanaopinga wana siku 60.

Njia nyingine ni ya akina mama wa Taita. Wasukaji wa vikapu huko waliungana katika chama kimoja, wakaandikisha "Taita Basket" kama alama ya pamoja. Kila kikundi kinasuka kwake, lakini anayetumia alama lazima afuate masharti ya ubora waliyokubaliana. Mnunuzi akiona alama anajua kikapu kimetoka Taita na kimesukwa vizuri. Vikundi vya asali, vya vinyago na vya vyungu vinaweza kufanya hivyo hivyo. Kikundi kimoja peke yake pengine hakiwezi kulipa ada, lakini kumi wakichanga wataweza.

JE, NI LAZIMA KULINDA?

Hapana. Kuna wakati ambapo kugawa ni bora kuliko kufunga.

Tazameni lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani, ambalo liko katika nyumba nyingi mjini. Lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likiwa limetoka kwenye majiko ya ndoo ya Thailand. Halikufungiwa kwa hataza. Mafundi wa jua kali walifundishwa, nao wakafundisha wengine, na likaenea mpaka nchi jirani. Kama mtu mmoja angelishikilia, pengine mama mboga asingelipata kwa bei yake.

Lakini kugawa kuna gharama. Kwa kuwa kila mtu angeweza kulitengeneza, wengine walilitengeneza vibaya. Udongo ulipasuka baada ya wiki chache, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua lipi zuri na lipi bovu. Fundi hodari alikula hasara ya fundi mzembe. Hapo ndipo alama ya biashara ingemsaidia. Unaweza kumwachia kila mtu njia ya kutengeneza, na bado ukalinda jina lako, ili anayetaka jiko zuri akutafute wewe.

Kwa hivyo mkae chini mjiulize: tunataka nini? Kama ni kusaidia wengi, gaweni, lakini lindeni jina. Kama ni riziki ya wanachama, tafuteni hati. Kibaya ni kugawa bila kujua kwamba mmegawa.

Na tuseme ukweli kuhusu gharama. Kuna ada ya kupeleka ombi, na kwa hataza kuna ya kuchunguzwa, ambayo lazima muiombe ndani ya miaka 3, na kuna za kila mwaka. Hati pia haijilindi. Mtu akiiga ni nyinyi mtakaomfuata, kwa wakili au mahakamani. Bidhaa bandia zenye alama yenu zikitokea, kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia inayopokea malalamiko kwa sheria ya mwaka 2008. Mkenya anaweza kupeleka ombi KIPI mwenyewe, lakini kuandika maelezo ya hataza ni kazi ya ujuzi, kwa hivyo ombeni msaada wa maofisa wake. Ada hubadilika, na kumekuwa na mapendekezo ya serikali ya kuziunganisha ofisi hizi. Ulizeni hali ilivyo kabla ya kusafiri. Msimpe pesa mtu wa kati anayesema atawapatia hati kwa wiki moja. Lipeni ofisini, mchukue risiti.

MAMBO YA KUFANYA KWANZA

Kikundi chenye kitu kipya kianze hivi:

(a) Nunueni daftari ngumu. Tieni kurasa nambari. Andikeni kila hatua ya kazi na tarehe, mchore, na mashahidi wawili watie sahihi. Msing'oe ukurasa hata mmoja.

(b) Andikeni makubaliano ya nani ni mvumbuzi na faida itagawanywaje.

(c) Msionyeshe kwenye maonyesho, redioni wala kwenye simu mpaka ombi lipelekwe. Kama ni lazima kumwonyesha mwenye kiwanda, atie sahihi kwanza kwamba hatatoa siri wala kutumia bila ruhusa.

(d) Chagueni mlango. Ulizeni: kilicho kipya hapa ni kazi yake, ni umbo lake, ni jina lake, au ni maneno na sauti?

(e) Msichanganye mambo. Kuandikisha jina la biashara au la kikundi si sawa na kuandikisha alama ya biashara. Ni ofisi mbili na haki mbili.

Tuwarudie wale wafugaji. Kuhusu mashine ile ya kwanza tuliwaambia ukweli: mlango wa hataza na wa uvumbuzi mdogo umefungwa, na yule wa mjini ataendelea kuuza. Walinyamaza kwa muda, na fundi alitoka nje. Lakini hawakutoka mikono mitupu. Michoro yake bado ina hakimiliki. Jina la mashine lilikuwa halijachukuliwa na mtu, na wamepeleka ombi la alama. Jibu bado. Kisha fundi akatuambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kisu kile kina kasoro, kinakuwa butu upesi, naye ameshafikiria namna ya kukirekebisha. Tulimkatiza pale pale, tukamwambia asituambie zaidi. Tulimpa daftari.

Siku iliyofuata walifanya kikao, wakajaza yale maneno ya makubaliano. Mabishano juu ya mafungu yaliendelea mpaka jioni, na hilo ni jambo jema. Ni afadhali kubishana jioni moja mkiwa na kalamu kuliko kubishana miaka kumi mbele ya hakimu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna kitu katika kikundi chetu, kifaa, wimbo, jina au mapishi, ambacho wengine hawana? Ni cha nani?

2. Tumeshakionyesha hadharani? Lini? Miezi 12 imepita?

3. Kitu chetu kinafaa mlango gani kati ya hii tuliyosoma?

4. Ni vitu gani tunavyotengeneza kwa kuiga kazi ya wengine? Wenyewe wametupa ruhusa?

5. Nani atanunua daftari, na nani atalitunza?